Mpiga besi wa hevi metali mwenye bendi kumi: je, kuhama ni kushindwa?

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amepiga besi, yaani gitaa la sauti za chini, kwenye bendi ya hevi metali (roki nzito) kwa miaka kadhaa, bendi imesambaratika, na sasa ana mialiko miwili mkononi. Wa kwanza unatoka kwa bendi ya metali yenye jina tayari, iliyojengwa juu ya mwimbaji na mpiga gitaa wake. Wa pili unatoka kwa kundi la bluzi linalotafuta mtu wa besi kwa ziara fupi. Wenzake wa zamani wanamwambia kuwa mpiga besi wa metali anayehamahama ni mamluki, hana kwao. Naye amesoma wasifu wa mpiga besi mmoja maarufu, akakuta bendi zaidi ya kumi, akabaki anajiuliza: huyu mtu alikuwa akifukuzwa kila mahali, au ndivyo kazi yenyewe ilivyo? Na je, kazi ya namna hiyo inalisha mtu?

Ndugu yangu, ndivyo kazi ilivyo, na hao wenzako wanakupotosha. Wapo waliofukuzwa, tena bila haki, na nitakueleza habari zao. Lakini orodha ndefu ya bendi si orodha ya makosa ya mtu. Mara nyingi inaonyesha kwamba simu yake iliendelea kuita.

Chanzo kiko kwenye umbo la bendi zenyewe. Bendi nyingi za metali zinamzunguka mwimbaji au mpiga gitaa, na jina la bendi ni mali yake. Rainbow ilikuwa ya mpiga gitaa Ritchie Blackmore. Whitesnake ni ya mwimbaji David Coverdale. Mwimbaji Ozzy Osbourne na mpiga gitaa Gary Moore walifanya kazi kwa majina yao wenyewe kabisa. Mbele ya watu kama hao mpiga besi ni mwajiriwa, awe stadi kiasi gani. Wapo wapiga besi wachache walioshika usukani: Steve Harris aliianzisha Iron Maiden mwaka 1975 na hajawahi kutoka, na Lemmy aliianzisha Motörhead mwaka huohuo baada ya Hawkwind kumtimua. Asiyetaka kuhama na aanzishe bendi yake. Waliobaki wote hukaa mahali kwa muda, na swali la maana kwao ni wanaondoka na nini mkononi.

Ili uone ninachosema, chukua watu watatu waliozaliwa mwaka mmoja, 1950: Bob Daisley wa Sydney, Neil Murray wa Edinburgh na Rudy Sarzo wa Havana. Njia zao zimepishana na kugongana kwa miaka mingi, mpaka mmoja akaonekana kwenye picha pale alipopiga mwingine.

Daisley alipiga Australia na Kahvas Jute, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akavuka kwenda Uingereza. Huko hakuanza na metali. Aliingia Chicken Shack, bendi ya bluzi ya Stan Webb, akapita pia Mungo Jerry, kundi la nyimbo za kuchangamsha ambalo mtu wa metali wa leo angeona aibu kulitaja. Baadaye ikaja Widowmaker, na mwaka 1977 Rainbow wakamchukua. Hata huko hakupewa nafasi yote, kwa sababu kwenye albamu yao ya 1978 sehemu kubwa ya besi aliipiga Blackmore mwenyewe na Daisley akabakiwa na nyimbo chache.

Halafu ukaja mlango mkubwa. Ozzy alikuwa ametolewa kwenye bendi yake, Black Sabbath, na alihitaji kuanza upya. Daisley akawa pamoja naye, na mpiga gitaa Randy Rhoads, na mpiga ngoma Lee Kerslake. Albamu mbili walizotengeneza, Blizzard of Ozz ya 1980 na Diary of a Madman ya 1981, bado zinasikilizwa na kila anayejifunza gitaa la metali. Daisley alipiga besi, akashiriki kutunga muziki, na sehemu kubwa ya mashairi aliandika yeye. Maneno ambayo wasikilizaji waliamini yanatoka moyoni mwa Ozzy yalitoka kwenye kalamu ya mpiga besi.

Kabla albamu ya pili haijatoka, Daisley na Kerslake wakaondolewa. Ilipofika madukani, majina na picha kwenye jalada zilikuwa za Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, waliokuwa wameingia kwa ajili ya ziara. Hakuna noti hata moja ya Sarzo kwenye rekodi ile, na Sarzo mwenyewe hajawahi kuificha habari hiyo. Yeye aliajiriwa kupiga jukwaani. Jalada lilipangwa na wengine.

Daisley hakukaa kulia. Aliingia Uriah Heep pamoja na Kerslake, wakatoa albamu mbili. Mwaka 1983 Ozzy akamwita tena, akapiga besi na kuandika mashairi ya Bark at the Moon. Akafanya kazi miaka mingi na Gary Moore. Mwaka 1987 alipiga kwenye albamu ya Black Sabbath, The Eternal Idol, ambayo hata mashairi yake aliyashughulikia. Akarudi kwa Ozzy mwaka 1988, na tena kwenye No More Tears ya 1991. Angalia, mtu aliyefukuzwa na bendi moja aliitwa tena na bendi ileile, zaidi ya mara moja. Anayesema kuhama ni kukosa thamani na anifafanulie hilo.

Mwaka 2002 zile albamu mbili za mwanzo zilitolewa upya, na wakati huo kulikuwa na mgogoro wa kisheria wa mirabaha, yaani malipo yanayotokana na mauzo ya kazi, kati ya Daisley na Kerslake kwa upande mmoja na kambi ya Ozzy kwa upande wa pili. Katika toleo hilo besi na ngoma za wenyewe ziliondolewa, zikapigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Mashabiki walikasirika, na walikuwa na haki. Nami nasema waziwazi kwamba kufuta mkono wa mtu kwenye kazi iliyokwisha kupendwa ni dhuluma kwa mpigaji na kwa msikilizaji pia. Toleo la 2011 liliwarudisha.

Chukua toleo la 2002 ulitazame kwa makini. Kila noti ya besi imefutwa. Lakini ukifuata orodha ya watunzi, jina la Daisley bado lipo, pamoja na Osbourne na Rhoads. Vidole vyake viliweza kuondolewa studio. Utunzi wake haukuweza, kwa sababu wimbo ukichezwa popote, na yeyote, na besi ya yeyote, mtunzi ni yuleyule. Ndiyo maana nimemweka Daisley mbele. Kilichomvusha ni kalamu.

Neil Murray alipita njia tofauti, na kwa swali lako wewe pengine ndiye wa kumsoma zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa Colosseum II, pamoja na Gary Moore, Don Airey na mpiga ngoma Jon Hiseman, wakipiga muziki uliochanganya jazi na roki. Kisha akaingia National Health, kundi la nyimbo ndefu zenye mapigo ya kubadilika kila mara. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeingia Whitesnake ilipoanza mwaka 1978, na ukisikiliza albamu zao za mwanzo utasikia besi inayotembea, inayojibizana na mwimbaji, wala haikai tu kwenye noti moja ikisubiri kibwagizo. Mafunzo ya jazi yaliingia kwenye roki nzito bila mtu kuyapigia debe.

Murray ndiye aliyerekodi besi ya albamu ya Whitesnake ya 1987, ile iliyouzwa mamilioni ya nakala. Lakini hadi video zinapigwa, Coverdale alikuwa ameshabadilisha bendi nzima. Nani anaonekana kwenye video ameshika besi? Rudy Sarzo. Kwa mara ya pili ndani ya miaka sita dunia ilimtazama Sarzo huku ikimsikiliza mtu mwingine.

Murray akaenda zake. Alipiga na bendi ya Kijapani Vow Wow. Mwaka 1989 akaingia Black Sabbath, ambako mpiga ngoma alikuwa Cozy Powell, mtu aliyefahamiana naye kikazi tangu 1974. Akawa kwenye bendi ya Brian May, mpiga gitaa wa Queen, akapiga na Peter Green kwenye bluzi. Halafu kuanzia mwaka 2002 akaketi kwenye bendi ya mchezo wa jukwaani wa nyimbo za Queen, We Will Rock You, katika ukumbi wa Dominion jijini London, mpaka mchezo ulipofungwa mwaka 2014. Miaka kumi na miwili! Michezo ya London kwa kawaida huonyeshwa mara nane kwa wiki, na mpigaji hulala kwake. Wapo wanaomhurumia mtu wa Whitesnake na Black Sabbath kuishia kwenye bendi ya ukumbi wa maigizo. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa albamu ya 1987. Kupiga nyimbo zilezile mara nane kwa wiki, kwa usahihi uleule, mbele ya watu ambao kila usiku ndiyo mara yao ya kwanza, ni ufundi ambao nyota wengi wasingeuweza hata mwezi mmoja.

Sarzo naye usimdharau kwa sababu ya yale majalada na video. Aliondoka Cuba akiwa mtoto na kukulia Marekani. Alikuwa kwenye ziara ya Ozzy wakati Randy Rhoads alipofariki katika ajali ya ndege ndogo huko Florida, tarehe 19 Machi 1982, akaendelea na ziara kwa muda akiwa na msiba huo. Kisha akarudi Quiet Riot, bendi yake ya zamani, na albamu yao Metal Health ya 1983 ikawa albamu ya kwanza ya hevi metali kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard ya Marekani. Baada ya Whitesnake alipiga na Dio, Blue Öyster Cult na The Guess Who, na mwaka 2021 akarudi tena Quiet Riot. Watu wa ziara humchukua kwa sababu anajua nyimbo kabla ya mazoezi ya kwanza, anajaza jukwaa, na haleti vurugu nyuma ya pazia. Hiyo ni taaluma kamili, ingawa haipigiwi makofi.

Wapo wengine ningeweza kuwataja. Jason Newsted aliingia Metallica mwaka 1986 baada ya mpiga besi wao Cliff Burton kufa katika ajali ya basi nchini Sweden, akatoka 2001, na mwaka 2003 akawa kwa Ozzy huku Trujillo wa Ozzy akienda Metallica. Yaani walibadilishana viti. Trujillo alikuwa ametoka Suicidal Tendencies na Infectious Grooves, bendi ya metali yenye fanki nyingi, na Metallica walimpa dola milioni moja kama malipo ya kuanzia, jambo lililorekodiwa na kamera. Yatosha.

Sasa njoo kwenye ule mwaliko wa bluzi, maana naona unauogopa. Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukipigwa wazi hutetema takribani mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa hutetema mara 82. Gitaa la metali likiwa na distosheni, ile sauti ya kukwaruza, hujaza kila kitu kuanzia hapo kwenda juu, kwa hiyo nafasi iliyobaki kwa mpiga besi ni ya chini kabisa, na humo chini imo pia ngoma kubwa anayoipiga mpiga ngoma kwa mguu. Kazi yako ni kuamua noti yako iishe lini. Watu wengi hufanya mazoezi ya kuanza noti kwa wakati; wachache hufanya mazoezi ya kuikata.

Kwenye metali ya mwendo wa farasi, kama anayoipiga Steve Harris kwa vidole, kila pigo lina noti moja ndefu na mbili fupi. Zile fupi ndizo zinazoponza. Mkono ukichoka, ya pili inamezwa, na bendi nzima inaanza kuonekana kama inaburuzwa ingawa mpiga ngoma hajapunguza kasi. Sasa ingia kwenye bluzi ya mwendo wa taratibu. Hakuna kasi ya kukuficha. Unapiga noti, unaiacha iimbe, halafu unaikata kwa kidole cha kushoto kabla tu ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Ukichelewa kidogo, wimbo unakuwa mzito. Ukiwahi, unakuwa mkavu. Mwezi mmoja wa kazi hiyo utakurekebishia zile noti mbili fupi kuliko mwaka mzima wa kukimbizana na metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwa sababu utaanza kuusikia mwisho wa noti. Daisley alitoka kwa Stan Webb akaenda kwa Rainbow na Ozzy, na mwaka 1990 Gary Moore alipogeukia bluzi kwa albamu ya Still Got the Blues, Daisley alikuwemo kwenye baadhi ya nyimbo. Bluzi ya ujanani ilimsubiri karibu miaka ishirini.

Kuhusu fedha, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wapiga besi wengi wanapoumia. Rekodi moja ina haki za aina mbili. Ipo haki ya wimbo wenyewe, yaani muziki na mashairi, na ipo haki ya ile rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio. Mpigaji wa kukodiwa kwa kawaida hulipwa mara moja, akasaini, basi. Mtunzi hulipwa kila wimbo unapochezwa, unapouzwa, unapowekwa kwenye filamu. Marekani hata leo redio za kawaida huwalipa watunzi lakini haziwalipi waliopiga kwenye rekodi. Lemmy, ambaye alikuwa na bendi yake na jina kubwa, alisema hadharani kwamba mashairi ya nyimbo nne aliyomwandikia Ozzy kwa ajili ya No More Tears yalimwingizia fedha kuliko miaka 15 ya Motörhead. Kwenye albamu hiyohiyo Daisley ndiye aliyepiga besi, wakati Mike Inez, mpiga besi wa ziara, ametajwa miongoni mwa watunzi wa wimbo uliobeba jina la albamu. Inez hakuhitaji kupiga albamu nzima ili jina lake likae mahali pa kudumu. Alihitaji kuwa chumbani na wazo zuri, na wazo hilo liandikwe kuwa lake.

Kwa hiyo mialiko yako miwili si ya kupimwa kwa swali la ipi ni metali halisi. Ya bluzi ni ziara fupi, malipo kwa onyesho, na hakuna utunzi utakaodaiwa. Ichukue. Dai tu usafiri, malazi na tarehe ya malipo viandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, kabla hujatoka nyumbani. Jifunze orodha ya nyimbo katika funguo zote ambazo mwimbaji anaweza kuzitaka, kwa sababu waimbaji wa bluzi hushusha ufunguo wa wimbo dakika tano kabla ya kupanda jukwaani sauti ikiwa imekauka, na mpiga besi anayesema "hakuna shida" ndiye anayepigiwa simu ziara ijayo.

Ya metali ni ngumu zaidi, na sitaki uikubali au uikatae kwa hasira za bendi iliyovunjika. Muulize kiongozi wake mambo matatu, ana kwa ana, kabla ya mazoezi ya kwanza. Je, utalipwa kwa onyesho, kwa mshahara, au utapata mgao? Nyimbo zikitungwa kwa pamoja chumbani, majina ya watunzi yanaandikwaje? Na ukiondoka kabla albamu haijatoka, jina lako linabaki kwenye jalada au halibaki? Swali la tatu litamshangaza. Mweleze yaliyompata Daisley mwaka 1981, ataelewa. Akikwambia wewe ni wa kukodiwa tu na hakuna utunzi, hilo ni jibu la heshima, ilimradi bei yake ifanane nalo. Basi piga kama Sarzo, nenda umejiandaa, na rifu zako mpya (vipande vya muziki ulivyovibuni) zihifadhi nyumbani. Akikwambia mnatunga pamoja, basi kila siku ya mazoezi rekodi kwa simu yako kile ulichokileta, kiwe na tarehe, na kabla ya kuingia studio kaeni mgawane asilimia za kila wimbo kwenye karatasi moja, kila mmoja asaini. Inachukua nusu saa, na ifanyike wimbo ukiwa bado hauna thamani yoyote, kwa maana siku utakapokuwa na thamani hakuna atakayekumbuka mambo sawasawa.

Tarehe zikigongana, anza na bluzi, na umwambie yule wa metali lini hasa utarudi.